Nilivyomuua Komanda Riziki wa katuni wakati mwenye jina yuko hai

Wakuu, salamu kutoka Baraka, Fizi, huku Kongo. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na mengine yananiaibisha, kwa hiyo mjue sijaongeza chumvi.

Wapo humu waliosoma katuni yangu ya Komanda Riziki. Iliishia namba ya ishirini, na hadi leo naulizwa inbox: mbona jalada la mwisho lilitangaza kifo na ndani hakuna maiti?

Leo najibu.

Kwa wageni: Komanda Riziki ni polisi wa roulage, yaani wa barabarani. Nguvu yake ni moja tu. Akinyoosha kiganja, chochote kinasimama. Lori lisilo na breki, risasi, wimbi la Tanganyika.

Nilimchora kwa Bic, nikapiga fotokopi, na kila namba mpya ilianikwa kwa vibanio vya nguo kwenye saluni ya rafiki yangu Bahati, kinyozi. Unasoma huku unanyolewa. Kuna watu walikuja kunyolewa na vipara vyao!

Nakala zilipanda pikipiki mpaka Lweba na Lubondja. Nilikuwa moto, nasema bila aibu.

Sasa, jina nililichukua kwa shangazi yangu Riziki, ambaye ni polisi wa roulage kweli, husimama njia panda karibu na soko. Sikumwomba ruhusa.

Kwetu mtu akipewa jina lako anakuwa "majina" yako. Unakwenda kumsalimia na zawadi, na tangu siku hiyo mmefungwa pamoja. Mimi na ujanja wangu nikadhani mtu wa karatasi hahesabiwi.

Namba ya kwanza ilipotoka, shangazi alifika nyumbani na sare yake, kuku kwapani.

"Nimekuya kuona majina yangu," akasema.

Tulicheka sana. Kuku nikamla. Shikeni hapo kwenye kuku.

Miaka ikapita, nikafika namba ya mwisho. Nilitaka mwisho mkubwa. Mto Mutambala umefurika, daraja linakatika, watu wamekwama: wakulima wa kwetu, wakimbizi wa Burundi, wamama na mizigo. Komanda anaingia majini, ananyoosha kiganja, mto unasimama, wote wanavuka. Kisha mto unamchukua.

Ile ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote. Nikaianika Jumamosi asubuhi, nikarudi kulala kama mfalme.

Kabla ya saa sita Bahati akanipigia. "Kuya haraka. Hakuna mutu ananyolewa."

Nikakuta wamama wameketi chini nje ya saluni, kama kwenye matanga. Mbele yao bibi yangu, ambaye tunamwita Koko, mama mzazi wa shangazi.

"Ulikula kuku yake," akaniambia, "leo unamuzika?"

Wiki ile shangazi alikuwa amepewa uhamisho kwenda Bibokoboko, kule juu milimani ambako siku nyingine risasi zinasikika kuliko ng'ombe. Angeondoka Jumatatu.

Mtauliza kama nilijua. Nilijua, wakuu. Niliogopa kumpoteza, nikashindwa kumwambia mtu yeyote, nikaichora ile hofu. Halafu nikaianika ukutani, watu waisome wakinyolewa.

Lakini mdomo wangu nao! Nikasema, "Koko, ni karatasi tu."

Koko akanigeuzia mgongo.

Nikiwa nimesimama pale kama mwizi wa mihogo, shangazi mwenyewe akatokea. Akaingia, akasoma kurasa zote nane amesimama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umechora muzuri," akasema. "Lakini kazi yangu hauiyue."

"Namna gani, shangazi?"

Akasimama katikati ya saluni, akanyoosha kiganja cha kulia kama ninavyochora siku zote. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaanza kuita. Pita, pita, pita.

"Huu unasimamisha. Huu unapitisha batu. Batu habaishi kupita. Nikianguka, nani atabapitisha? Weye ulinipa mukono moya tu miaka yote hii. Chora wa pili."

Wakuu, nililia mbele za watu. Bahati akanipa taulo lake lenye nywele za wateja, nikajifutia hilohilo.

Nikachora palepale, ubao wa drafti ukiwa meza yangu, shangazi akiwa modeli. Ndiyo ile picha ya mwisho mnayoijua: maji kifuani, mkono mmoja umeuzuia mto, wa pili unaita watu, na foleni haionekani mwisho. Jalada lenye tangazo la kifo lilikuwa limeshapigwa fotokopi, kurasa za ndani bado, ndiyo maana lilibaki linadanganya. Neno "mwisho" sikuandika.

Jumatatu aliondoka na nakala moja ndani ya kofia yake.

Bahati hakuruhusiwa kuushusha ukurasa ule. Koko alikuwa anapita kila asubuhi kuutazama kabla ya kwenda shambani. Na mimi nilipita, nikijifanya nataka kunyolewa. Nilinyolewa mpaka nikawa kituko.

Mwezi uliopita shangazi alirudi. Mzima, amekonda kidogo. Kabla ya kufika nyumbani aliteremkia saluni, akautazama ukutani, akanigeukia.

"Majina yangu angali amesimama. Sasa kuku yangu iko wapi?"

Kuku nilikuwa naye, wakuu. Nilimfuga tangu Jumatatu ile, na kila siku nilimwambia asife.

Nilichojifunza ni hiki: ukichukua jina la mtu ukaliweka kwenye kazi yako, umemchukua mwenyewe, na utamjibu. Katuni yangu naipenda vilevile, na nasema tena, ilikuwa kali.

Nanyi mlioandika au kuchora watu wenu wa karibu, mliwaomba ruhusa, au mlikula kuku kama mimi? Semeni hapa chini. Shangazi anasoma.