Ukiinua Vyuma na Wenzako

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi kule Ruiru, mwanangu, nilipotaka kuonyesha darasa zima kwamba mimi bado ni kijana. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja, nami ndiye niliyemtoa kitandani na kumketisha kwenye kiti kila siku, nyumbani kwetu Witeithie. Mikono yangu ilikuwa imeanza kushindwa. Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye darasa la kuinua vyuma, wala sikuwa natafuta umbo.

Tuliinua pamoja, muziki ukipigwa, mwalimu akihesabu. Kando yangu alisimama binti mmoja, Nyokabi, ambaye ningeweza kumzaa. Siku yangu ya tatu nikatazama vyuma vyake, nikatazama vyangu, nikaona aibu. Mwalimu alikuwa upande ule mwingine akimrekebisha mtu. Nikaongeza mpaka tukalingana.

Mara ya kwanza nikainua. Mara ya pili pia, na Nyokabi akasema, "Shosho, uko fiti!"

Alinisifu, lakini mimi nilisikia hilo neno shosho tu, yaani bibi kizee. Nikavuta mara ya tatu kwa hasira, mgongo umepinda. Kiuno kikashika. Chuma kikaanguka kwa kishindo na watu wote wakageuka.

Wiki tatu sikuweza kumwinua mama. Jirani alikuja kunisaidia, nami nikawa nasimama mlangoni nikitazama mtu mwingine akimbeba. Mama hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi darasani, nyumbani bado nikimwinua mama kwa kusaidiwa na jirani, nilichukua vyuma vidogo kabisa, nikawa naviinua huku napiga gumzo. Miezi miwili ikapita hivyo. Ndipo Mama Wambui akaniita kando. Huyu alikuwa mkulima wa Ngoliba, miaka sabini na mmoja, mkubwa wetu sote pale. Alikuwa anafuta jasho. Mimi nilikuwa mkavu.

"Wee, siku ile uliyoumia, ulikuwa unashindana na nani?"

"Nyokabi," nikajibu nikiangalia chini.

"Na sasa umekuja kufanya nini? Mwili wako hujawahi kuuuliza unaweza nini. Kwanza ulimuuliza Nyokabi, sasa unauuliza woga. Ukimaliza mara kumi na bado unapiga stori, ongeza kidogo. Mgongo ukianza kupinda, weka chini, hata kama sisi wote tunaendelea. Mama yako anangojea mikono yako, si ya Nyokabi."

Basi nikaanza upya. Niliongeza kilo moja, nikaizoea, ndipo nyingine. Kuna siku nilipunguza kwa sababu sikuwa nimelala vizuri, na hakuna aliyenicheka. Kabla mwaka haujaisha niliinua uzito uleule ulioniumiza, mara nane, mgongo umenyooka. Mama Wambui alipiga vigelegele mpaka mwalimu akasahau kuhesabu.

Jumatatu yake nilimwinua mama peke yangu, nikamtoa hadi nje kwenye jua. Akanifinya mkono kwa ule wake mzima, akacheka.

"Ngai! Hii ni mikono ya nani?"

"Ni yangu, maitu," nikamwambia, na machozi yakanitoka.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiingia darasani, jitume. Usiende kupoteza saa nzima ukijihurumia. Zile mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, lakini uinue vizuri kama ile ya kwanza. Muziki ukikuzidi mbio, uache uende. Ukisikia maumivu makali, simama umwambie mwalimu, usione haya. Na anayeinua mara mbili yako, mpongeze. Hujui alianza lini, wala hujui kilichomleta.

Mungu akupe mifupa imara na moyo usiojilinganisha. Akufikishe uzeeni ukiwa unainuka mwenyewe, na nguvu zibaki za kumwinua mwingine.