Mikono ya Bibi Harusi Dirishani

Taa yangu ya kwanza ya kukaushia kucha iliwaka vizuri sana, ila haikukausha chochote. Niliinunua Morogoro kwa kuvutiwa na mwanga wake wa zambarau. Nilimpaka mdogo wangu wa kike rangi ya jeli, akaingiza mkono ndani ya taa, tukasubiri kwa adabu kama watu wanaosikiliza mawaidha. Alipoutoa, rangi ilikuwa bado uji. Akaurudisha. Ugali uliiva, tukala, yeye tukamlisha, na rangi ikabaki uji vilevile. Siku hiyo nilijua kwamba taa ya kucha hainunuliwi kwa kutazama mwanga wake. Nenda dukani na chupa yako ya jeli, paka ukucha wa bandia palepale, utie ndani ya taa, kisha uguse kwa kidole. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.

Niliacha shule kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki mmoja baada ya mwingine. Mimi ndiye mkubwa. Wadogo zangu wanne walikuwa vidole vyangu vya kujifunzia, maana hao ndio watu pekee niliokuwa na uwezo wa kuwaamuru watulie. Mmoja, wa kiume, alikwenda kumwagilia nyanya za jirani akiwa na kucha nyekundu zinazometa, na jirani akamtafutia kitambaa cha kufunga kidonda. Kwa vidole hivyo nilijifunza kwamba tupa ya kukwaruza sana ni ya kucha za bandia, siyo za mtu. Kijiti cha kusukumia ngozi ya shina la ukucha ni bora kiwe cha mti kuliko cha chuma. Na mashine ya kusagia kucha huanzishwa kwa mwendo wa polepole, tena mbali na mdogo wangu wa mwisho, ambaye akiisikia tu hupanda juu ya kabati.

Nilikuwa nataka kitu kimoja: kiti katika saluni ya mama mmoja wa Mikumi, kando ya barabara kuu. Pale wateja wapo kila siku, wafanyakazi wa hoteli na wageni wanaokuja kutazama wanyama. Mimi Kilosa nilikuwa nazunguka na begi mlango kwa mlango, na wiki nyingine begi lilirudi kama lilivyotoka. Nikamfuata. Alinitazama, akatazama na begi.

"Sichukui mtu kwa maneno," alisema. "Mtoto wa kaka yangu anaoa Jumamosi, hukohuko kwenu Kilosa, Mabwerebwere. Nasikia kucha za bibi harusi unapaka wewe."

"Ndiyo, mama."

"Nitazitazama. Zikinipendeza, una kiti. Zisiponipendeza, tutakula pilau tuagane."

Jumamosi nilifika mapema. Bibi harusi alikuwa amewekwa ndani wiki nzima, na kungwi wake, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba. Hakutaka jeli. Alitaka hina tu, kwa sababu jeli huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha. Bibi harusi akamnong'oneza kwamba siku zake zimeingia, haswali.

"Basi paka," kungwi akaniambia. "Lakini akitahirika tu, uje uzibandue."

Nikakubali. Nikasukuma ngozi, nikapitisha tupa laini, nikafuta mafuta, nikapaka rangi ya msingi, nikakausha kwa taa, taa hii ya pili, ya kweli. Nilipomaliza kupaka rangi yenyewe kwenye vidole vyote, umeme ukakatika.

Asiyeijua jeli atasema, si itakauka tu? Haikauki. Ungeiacha mpaka bibi harusi apate wajukuu, ingekuwa bado inanata. Shangazi zake waliingia na vipepeo wakaanza kumpepea. Mmoja alileta tochi ya simu. Mwingine alileta jiko la mkaa, akaliweka chini ya mikono.

"Shangazi, unataka kumbanika?" niliuliza.

"Si umesema joto?"

"Nimesema mwanga. Mwanga wa taa hii, au jua."

Neno jua lilipotoka, kungwi alisimama. "Mwali wangu halioni jua mpaka aitwe na mumewe."

"Bibi, siyo yeye. Mikono tu."

Alinitazama kama hakimu. Akahukumu kwamba jua linaweza kuiona mikono, mradi mwali asilione jua. Tukatundika khanga dirishani, bibi harusi akakaa nyuma yake, mikono ikapita katikati ya nondo mpaka viwiko, vidole vimetanuka. Nje ya dirisha hilo ni nyuma ya nyumba, penye kuku na kamba ya nguo. Nilijua hakuna atakayepita huko.

Kumbe mbele turubai lilikuwa limefunga njia. Wakwe walishuka kutoka Dumila na masinia yao kichwani, wakazunguka nyuma wakiimba, na wimbo ukakatika ghafla. Nikachungulia pembeni ya khanga. Watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama mbele ya mikono miwili.

Mzee wao, mwenye kanzu na koti, alikohoa. Kungwi, ambaye hakuwa tayari kuonekana amekosa adabu hata kwa niaba ya mikono, aliita kutoka ndani, "Shikamooni!"

"Marahaba, mwanangu," mzee akaiambia mikono.

"Kwetu hatuna hii," mwanamke mmoja alinong'ona.

"Nyamaza, mila za watu hizo. Unataka kutuaibisha ugenini?" mwenzake akamkemea.

Wakapanga foleni. Mzee alinyoosha mkono ashike vidole. Nikapiga kelele bila kufikiri, "Msishike kucha!"

"Ndiyo mila!" kungwi akadakia. "Kucha hazishikwi. Weka kiganja chako chini ya kiganja chake!"

Mzee akaweka kiganja chini, kwa unyenyekevu mkubwa. Wa pili akaweka. Wa tatu, mama mwenye furaha nyingi, akafunika mikono kwa kitenge kipya cha zawadi. Jua likapotea.

"Kitenge kitoke!" nilisema.

"Mila haitaki kitambaa!" kungwi akatangaza. Nilianza kuona kwamba anafurahia.

Baba wa bibi harusi akatokea, akakuta foleni nyuma ya nyumba yake. Nilimsikia mgeni akimwuliza maana ya desturi hiyo. Hakutetereka hata kidogo. "Ni kuonyesha kwamba tunatoa mikono ya kazi," alisema. "Sura ni baadaye." Wageni wakaguna kwa kuridhika.

Mwisho wa foleni alikuwa mama wa Mikumi. Hakusalimia mikono. Aliinama, akanusa, akagonga kucha moja baada ya nyingine kwa ukucha wake.

"Mila hii naijua," alisema taratibu. "Umeme umekatika saa ngapi?"

Nikatoa uso pembeni ya khanga. "Sasa hivi tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tisa ni nzuri. Hili gumba la kushoto limekunjamana."

Lilikuwa limekunjamana kweli, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Nilikuwa nimelipaka rangi nzito, juu ikawahi kukauka, chini ikabaki mbichi. Nilikiona kiti cha Mikumi kikiondoka.

"Nalirudia," nilisema.

"Watu wanasubiri."

"Watasubiri."

Kungwi akatangaza kwamba gumba limeingia ndani, ndiyo mila. Nikalifuta, nikalisawazisha kwa tupa, nikapaka rangi nyembamba kabisa. Lilipotoka tena, kivuli cha paa kilikuwa kimefika dirishani. Mama wa Mikumi alitazama juu, akachukua sinia kichwani kwa mpwa wake mmoja wa kike, akammiminia maandazi kwenye khanga, akalielekeza sinia tupu juani mpaka mng'ao ukaangukia gumba. Akalishikilia hivyo mpaka rangi ikashika. Nikapaka nyembamba ya pili. Akashikilia tena. Kisha ya juu, ya kung'arisha.

Akagonga. Akasugua. Akagonga tena.

"Jumatatu asubuhi," alisema.

"Mama, nina wadogo wanne. Kila jioni lazima nirudi Kilosa."

"Nimekuuliza habari za jioni?"

"Hapana."

"Basi Jumatatu asubuhi."

"Mama, sogea," kungwi akaita. "Umekaa sana. Salimia upite!"

Mama wa Mikumi akanitazama, akaitazama foleni, ambayo sasa ilikuwa imeongezewa majirani. Akaweka sinia chini, akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha bibi harusi, akainamisha kichwa kama wenzake.