Kitambaa Cheupe Mlangoni

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa. Waliompelekea mama yangu ugonjwa nawajua, na mmoja wao tumezaliwa naye tumbo moja.

Kabla mafua makali hayajafika Dodoma tuliitwa ofisi ya mtaa, hapa Kizota. Nesi wa zahanati akatufundisha kujipanga mapema. Kila nyumba itenge chumba cha mgonjwa na mtu mmoja wa kumuuguza. Mtu akiugua, funga kitambaa cheupe mlangoni, watu wasiingie. Alipotaka kueleza kwa nini wasiingie, mwenyekiti wa mtaa akamkatisha, eti muda umekwenda na bado kuna ajenda ya takataka. Tukapiga makofi. Vichwani mwa watu kikabaki kitambaa tu.

Mimi nilijipanga. Kazi yangu ni kuchomelea mageti, lakini sabuni, unga na ndoo ya koki nilivipata. Mama alikuwa na pumu tangu nimjue, nikamhamishia chumba cha uani, peke yake. Tukakubaliana na mke wangu kwamba atakayeugua asikanyage kwa mama, na anayemuuguza hivyo hivyo.

Akaanza mke wangu. Asubuhi nikafunga kitambaa. Saa nne ua umejaa. Wanasema wamekiona kitambaa, wakajua kuna mgonjwa. Na mgonjwa huku kwetu lazima umwone. Ukijua usipoenda, una lako jambo. Wamebeba uji kwenye chupa za chai, mwingine kuku. Mwenyekiti naye yupo na wajumbe wake, uchaguzi ulikuwa karibu.

Nikasimama mlangoni. Nikawaomba kwa adabu waache vitu kwenye benchi. Baadhi walishaanza kugeuka, ndipo akaingia dada yangu mkubwa kutoka Makole, na wenzake wa kwaya.

"Pisha, mdogo wangu."

"Dada, nesi alisema..."

"Nesi ndiye aliyekunyonyesha?"

Wenzake wakacheka. Kisha akapandisha sauti, ua mzima usikie. "Mtu anayemficha mkewe mgonjwa, sisi tunajua anafanya nini."

Neno hilo kwetu halihitaji kumaliziwa. Nimeona familia ikihama mtaa kwa neno dogo kuliko hilo. Nikamtazama mwenyekiti, maana ndiye aliyekaa meza moja na nesi siku ile. Akaangalia viatu vyake.

"Fundi," akasema, "wape dakika tano tu."

Nikapisha.

Wakaingia, wakamshika mke wangu paji la uso, wakamzunguka kumwombea huku anakohoa. Walipotoka sikuwahi kuwazuia. Nani anaingia nyumba yenye mzee akaondoka bila kumwamkia? Wakakata moja kwa moja uani, shikamoo mama, shikamoo bibi, kwa mikono ileile. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama anacheka, kafurahi, siku nyingi nilikuwa nimemnyima watu. Dada akamkumbatia, akakaa naye kitandani.

Siku ya nne mama akashikwa na homa, na mimi nikafuata. Mke wangu alipona nyumbani. Sisi wawili tulilazwa. Mimi nilitoka wodini na mapafu haya ambayo nikibeba geti dogo tu lazima nikae chini. Mama hakutoka.

Dada anasema ni mipango ya Mungu. Sijakanyaga kwake mpaka leo.

Mwaka huu wametuita tena kujipanga. Nesi ni mwingine, kitambaa ni kilekile. Nikanyoosha mkono. Nikasema kitambaa kinaita watu, hakiwazuii. Wekeni na mtu getini asiyeogopa kuitwa mchawi, kwa sababu mimi niliogopa, na mama yangu akafa kwa woga wangu. Nikamwonyesha mwenyekiti kwa kidole, nikasema, na huyu alikuwepo.

Mwenyekiti akainama kwa katibu, akamwambia hilo asiliandike, kisha akauliza kama kuna mengineyo.