Ndiyo Niliyomwambia Tonton

Mchezo wenyewe uko kwenye simu. Namba zinaitwa moja moja kama kwenye loto, unazigusa kwenye karata yako, na ukijaza mstari unapewa nyumba. Nyumba zikitimia, mtaa mzima ni wako: unaweza kuuuza, unaweza kubadilishana na watu usiowajua. Baada ya papa, baba yangu, kufariki niliucheza kupita kiasi. Sioni haya kusema, ulinituliza.

Mchana mmoja tonton, mdogo wake papa, alikuja kwetu Mangobo. Mama alikuwa sokoni. Nilimpakulia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, nikarudi kwenye simu yangu, maana ilibaki namba moja tu, arobaini na moja. Yeye alikuwa akizungumza, nami nikiitikia bila kuinua kichwa. Ndiyo, tonton. Ndiyo. Arobaini na moja ikatoka, nikapiga makofi kama mtoto. Naye akacheka, akanawa mikono, akaenda zake.

Kesho yake alipiga simu: Jumamosi angekuja na mnunuzi kupima lupango wetu, kama tulivyokubaliana. Kiwanja kile na nyumba iliyo juu yake ndicho pekee papa alichotuachia, na mkubwa wa watoto ni mimi. Nikishasema ndiyo, mbele ya ukoo mama hana la kujibu. Siku mbili nilimficha mama. Nilifungua mchezo nijisahaulishe, mtu akataka kununua mtaa wangu, na simu ikaniuliza kama nina hakika. Nilipogusa, ikaniuliza tena. Tonton hakuniuliza hata mara moja hivyo. Nikakasirika, nikaizima.

Ijumaa nilishindwa, nikamweleza mama huku nalia. Hakunigombeza. Alitoa kopo la rangi nyeusi lililobaki tulipoandika msalaba wa papa, akanipa brashi, akanionyesha ukuta wa barabarani.

"Andika weye. Ni weye njo ulimuambia ndiyo."

Nikaandika kwa herufi kubwa yale maneno yaliyo kwenye kuta nyingi za mji huu, kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Herufi za mwisho zikashuka.

Jumamosi walifika kwa pikipiki. Mnunuzi alisoma ukuta, akarudisha tepu yake mfukoni. Tonton hakusoma. Aliniangalia mimi.

"Si weye ulisema ndiyo?"

"Nilisema bila kusikia, tonton. Leo njo nimesikia. Hapana."

Akasema bon, sawa, tutaonana mbele ya ukoo, akaondoka bila kumuaga mama. Hajarudi, na ukoo haujaitwa. Mchezo sikuufuta, bado ninaucheza. Ila pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya ukuta wetu, hata kama imebaki namba moja, naweka simu chini, natoka kuangalia nani anashuka.