Tarumbeta Iliyokatika Mapema

Katika kila kona ya mji wa Krakow, mzee anayetembeza wageni alisimama, akainua mwavuli wake mwekundu, akawahesabu kwa kidole kidogo huku midomo ikicheza. Kumi na mmoja. Bogna, mmoja wa wageni hao, shanta mgongoni, aliona mzee anatazama saa yake zaidi kuliko majumba. Saa sita mchana tarumbeta ikalia juu ya mnara wa kanisa, mzee akayaacha maneno njiani. Wimbo ule hukatwa katikati kila siku, ndiyo mila yake, lakini leo ulikatika mapema mno. Wageni wakapiga makofi. Bogna hakupiga, maana alizoea kuusikia redioni kwa bibi yake tangu utotoni.

“Babu, si hapo,” alinong'ona.

“Najua, binti. Anayepiga ni mwanangu. Leo siku yake ya kwanza. Nilimwambia asinywe chai ya moto, itamchoma midomo. Masikio yake mapambo.”

Dirisha la pili la mnara likafunguka, maana wimbo hupigwa kila upande. Tarumbeta ikalia, ikapanda, ikakatika pale pale panapopaswa. Mkono ukapunga kutoka juu. Mzee akashusha pumzi, akahesabu upya, na kidole kikaishia mnarani.

“Kumi na wawili,” akasema. “Haya, twendeni.”