Ukurasa wa Kushoto

Wajukuu wananiambia siku hizi kuna kitabu kikubwa ndani ya simu, kinaandikwa na watu wasiojuana, na yeyote anaweza kuingia akarekebisha alichoandika mwenzake. Wanadhani wananishangaza. Mimi kitabu cha namna hiyo nilikiandika kwa penseli, Shinyanga mjini, miaka ya tisini, na sheria zake nilijifunza kwa kuumia.

Chenyewe kilikuwa kaunta buku, zile nene zenye jalada gumu. Kilikaa mtaa wa Ngokolo, chumba cha nyuma cha duka la familia moja ya Kihindi. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya magunia ya pamba, na harufu ya mbegu za pamba haikutoka hata tulipopiga chokaa. Mwenye duka alikitoa bure kwa sababu mwalimu wetu ndiye aliyewafundisha binti zake. Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mfupi, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi. Alitaka mambo ya kwetu yaandikwe na sisi wenyewe: miti, magonjwa ya ng'ombe, ngoma, visima, uchimbaji wa dhahabu. Kila Jumamosi asubuhi mwenye kujua kitu alikuja akaandika. Na ukishaandika si mali yako tena, wiki ijayo mwingine anaongeza au anabisha.

Mimi elimu yangu ni ngumbaru, ile ya watu wazima, tena nilihudhuria kwa kurukaruka kwa sababu ya ng'ombe. Lakini maneno ninayo. Nimekaa machimboni upande wa Geita miaka mingi, na kule mtu anayejua kusimulia hakosi pa kula. Nilipokiona kile kitabu nikasema, hiki ni changu.

Ukurasa wangu wa kwanza ulihusu minyaa, ule mmea tunaozungushia nyumba. Nikaandika kwamba minyaa ni mlinzi hodari aliyeletwa na Mungu mwenyewe, na utomvu wake ukikuingia jichoni utaona nyota mchana. Mwalimu akavuta kiti.

"Mzee, hodari kuliko nani?"

"Kuliko wote, Mwalimu."

"Toa hodari. Na hiyo habari ya kuletwa na Mungu, ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Toa. Utomvu nao, nani alikuambia?"

"Jicho langu hili hapa. Lilivimba wiki nzima."

"Jicho lako ni la kwako. Nitafutie jicho la mtu mwingine."

Watu walicheka mpaka mwenye duka akachungulia kuuliza kuna nini. Nikatoka, nikazunguka Ngokolo nikiuliza nani amewahi kuingiwa na minyaa, mpaka nikampata mama mmoja muuza vitumbua. Ukurasa ulibaki mistari minne. Mistari minne, mimi ambaye habari ya minyaa naweza kukaa nayo tangu chai ya asubuhi mpaka ugali wa mchana!

Sheria zilikuwa hizo. Usiandike habari zako wala za damu yako. Taja aliyekuambia. Usifute cha mwenzako, piga mstari mmoja juu yake ili maneno ya chini yaendelee kusomeka. Habari inakaa ukurasa wa kulia, ubishi unakaa ukurasa wa kushoto, na ukibisha, bisha maneno, usimguse mtu. Kila kitu kinaanza kwa penseli. Wakipatikana mashahidi watatu, Mwalimu anapitisha wino juu yake. Na ukikutwa umeandika usichoweza kusema umekitoa wapi, basi kila ulichowahi kuandika kinawekewa alama ya kuuliza.

Hiyo ya mwisho nilidhani ni ya kutisha watoto.

Sasa niseme habari ya baba yangu. Kule machimboni nilikuwa na hadithi moja iliyopendwa kuliko zote: jinsi baba, akichunga, alivyojikwaa kwenye jiwe juu ya kilima kimoja upande wa Bugarama, akainama, akaona mstari wa njano, na kilima kile kikajaa watu. Ukweli ninaujua, baba alinipa kwa mdomo wake. Alikwenda kwa mama jirani kuomba moto. Akiwa amechuchumaa anachukua kaa, akaona moja ya mafiga ya yule mama, chini ya chungu cha maharage, lina mstari unaong'aa. Akauliza jiwe limetoka wapi, akaonyeshwa, akaenda. Lakini jiko kwenye hadithi ya dhahabu lilikuwa linanikaba. Wachimbaji hawataki kusikia maharage. Basi nikawa namwondoa yule mama kidogo kidogo, msimu huu neno, msimu ujao sentensi nzima, mpaka siku moja nikasimulia na hayumo.

Nikataka hadithi hiyo iingie kitabuni. Nilikuwa na rafiki, Msumbwa kwa kabila, tulichimba pamoja na tukazeeka pamoja. Mguu mmoja ulikuwa umemharibikia, anakaa kwa dada yake palepale Ngokolo, na kitabu kile ndicho kilichomtoa ndani kila Jumamosi. Mwandiko wake mzuri, umelala upande mmoja kama mtama wenye upepo. Nikamwendea.

"Niandikie ya baba."

"Mkono wako umekatika?"

"Ni baba yangu, bwana. Sheria."

"Na mimi niseme nimesikia kwa nani?"

"Kwa wazee wa kule. Mimi si mzee?"

"Mzee wa wapi, wewe Msukuma uliyeshindwa kuhesabu ng'ombe wa baba yako!"

Akaandika. Aliandika kwa sababu aliamini, amenisikia nikiisimulia miaka yote hiyo. Hakujua habari ya jiko. Hapo ndipo nilipojifungia mlango na ufunguo nikautupa nje mwenyewe, ila sikusikia mlio wake.

Maana haukupita mwezi, mzee mmoja wa kanisa aliyeusoma ukurasa ule akausimulia kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mama mmoja aliyekuwa mkutanoni akaja chumbani, akaweka jina lake kuwa shahidi: naye amesikia. Mzee wa kanisa naye akaweka lake. Akaja wa tatu, yeye amesikia kwa yule mama. Uongo wangu ulitoka kwa mlango wa mbele, ukazunguka mjini, ukarudi kwa mlango wa nyuma umevaa nguo za mashahidi watatu, na Mwalimu akapitisha wino. Nilitazama ile kalamu ikitembea juu ya penseli nikatamani kusema. Nikakohoa tu.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kuusoma kwa sauti ukurasa ulioingia wino. Jumamosi ile, kumbe dada mmoja wa jirani amemleta mama yake, bibi aliyetoka Bugarama kuja kutibiwa macho hospitali ya Kolandoto, akae benchini apate kuchangamka. Tulisalimiana naye vizuri kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, mwangaluka, kisha Mwalimu akasoma.

"Rudia hapo alipojikwaa," bibi akasema.

Mwalimu akarudia.

"Yule mtu hakujikwaa. Alikuja kwangu kuomba moto. Jiwe lile lilikuwa figa langu, limebeba chungu cha maharage. Nani kaandika?"

Mwenzangu akasimama, ameshika meza. "Mimi, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Nani alikuambia?"

Nilimtazama mwenzangu. Yeye hakunitazama, alitazama sakafu.

"Nilisikia," akasema.

"Kila mtu anasikia, mwanangu. Mimi nilipika juu yake."

Mwalimu akafungua ukurasa wa kushoto, akaandika maneno ya bibi kama alivyoyasema, na chungu chake, na maharage yake. Akamwambia mwenzangu ana mpaka Jumamosi ijayo kutaja aliyemwambia.

Hapa lazima mjue alichokuwa nacho mwenzangu mle kitabuni. Alikuwa na kurasa nane, zote wino, juu ya duara, yaani shimo la kushukia kufuata dhahabu: namna ya kupanga magogo ili kuta zisiporomoke, namna ya kusikiliza mwamba kabla ya kugonga, namna ya kutambua hewa mbovu. Wachimbaji waliopita mjini wakielekea Geita walikuja kuzinakili kwenye madaftari. Mwenzangu naye walimwita Mwalimu, na aliitika. Kurasa nane hizo zikiwekewa alama ya kuuliza, nani atashuka shimoni akiziamini?

Wiki ile sikuila, ilinila. Nilitafuta pa kutokea sikupaona. Kupiga mstari juu ya maneno yale siwezi, si mwandiko wangu. Kuandika ukweli upande wa kulia siwezi, ni baba yangu. Nikinyamaza, mwenzangu anaonekana mzushi. Nikisema, anaonekana aliandika kwa niaba ya mtoto wa mwenye habari, na hilo ni kosa vilevile. Jumatano nikamfuata kwa dada yake.

"Nitaje."

"Nikikutaja nimekwisha. Nisipokutaja nimekwisha." Alikuwa anamenya karanga, hakuacha. "Ila jambo moja nataka unijibu. Lile jiko ulilijua?"

Nikaokota ganda la karanga, nikalivunjavunja.

"Ulilijua," akasema. Akaendelea kumenya.

Jumamosi nikafika kabla ya wote. Ukurasa wa kushoto mtu yeyote anaruhusiwa, hata mwenye damu. Nikaandika kwa mkono wangu huu wa ngumbaru kwamba bibi anasema kweli, kwamba baba aliniambia habari ya moto na mafiga, kwamba mimi ndiye niliyemtoa yule mama, na kwamba aliyeandika upande wa kulia alidanganywa na mimi. Ilinichukua asubuhi nzima. Mwalimu akasoma mbele ya watu bila kunirekebisha neno, na hapo ndipo nilipoogopa.

Bibi alikuwepo. Akasema, "Baba yako alikuwa mtu mwema. Lile jiwe alilichukua, akaniletea jingine la kuzibia pengo."

Mwalimu akapiga mstari mmoja juu ya hadithi yangu, unasomeka mpaka leo. Halafu akatoa hukumu kwa sauti yake ileile ya kusomea. Mimi sitaandika tena upande wa kulia wala kuwa shahidi wa jambo lolote, mpaka kitabu kiishe. Na mwenzangu, kwa kuwa aliweka jina lake chini ya maneno ya mwingine, kurasa zake nane zinarudi kwenye kuulizwa, kila moja itafute mashahidi upya. Akachukua penseli, akaweka alama, moja, mbili, mpaka nane. Mwenzangu akatoka kabla ya ya tano.

Nilizunguka kuwatafuta wachimbaji wa zamani. Nilidandia malori mpaka Geita, nikawasihi waje wasome. Walikuja, mmoja leo, wawili mwezi ujao. Ya magogo ikapata mashahidi. Ya hewa ikapata. Kufika kiangazi, kurasa saba zilikuwa zimetolewa alama, na mwenzangu alikuwa ameanza tena kuja Jumamosi, anakaa mwisho wa benchi mbali na mimi.

Ikabaki ya nane. Inaeleza namna ya kumtoa mtu udongo ukimfunika mpaka kifuani: usimvute mikono, atakatika pumzi, chimba pembeni yake, weka mbao, mpe maji kwa kitambaa. Hiyo hakufundishwa na mtu. Aliigundua siku moja tu, kwenye duara moja, tukiwa watano. Watatu, walioweka majina yao mara ya kwanza, wamekufa. Amebaki yeye aliyechimba pembeni, na mimi niliyekuwa ndani ya udongo, nimebanwa tangu jua la asubuhi mpaka linapinda, nikinyonya kitambaa.

Nilimwendea Mwalimu.

"Mzee, kuwa shahidi huruhusiwi," akasema. "Na hata ungeruhusiwa, hiyo habari ni yako mwenyewe."

"Mwalimu, mbavu zangu..."

"Najua," akasema, na akavua miwani. "Najua, mzee wangu. Alama haitoki."

Jumamosi moja akaja mchimbaji mgeni, kijana mwenye daftari, anapita kwenda Geita. Akanakili ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, taratibu, ulimi nje. Alipofika ya nane akaona ile alama ya penseli, akauliza, "Hii vipi?"

"Haijathibitishwa," Mwalimu akasema.

Nilikuwa benchini, ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Nikafungua mdomo. Mwenzangu, ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ya karanga, akageuka.

"Nyamaza," akaniambia. "Ukiisema wewe ndiyo hataiamini kabisa."

Nikafunga mdomo. Kijana akafunika kalamu yake, ya nane akaiacha, akatia daftari ndani ya shati, akatushukuru wote kwa heshima, akatoka kuwahi lori.