Shujaa wa Kikwembe Amezaa

Wiki hii nilienda kufanya fotokopi hapa Bunia, nikakuta kelele dukani. Muchoraji wa kile kitabu cha picha, cha mama anayeruka mawinguni kufukuza wezi, alikuwa anaonyesha kurasa mpya. Wasichana walisifu rangi za kikwembe, kile kitenge cha shujaa wao, mupaka wakafika mwisho: amezaa, anaacha kazi, anabaki nyumbani.

"Papa, unamufukuza juu ya nini?" akauliza mama mumoja, mutoto wake amelala mugongoni.

"Mama, na mutoto mugongoni ataruka namna gani?" akajibu muchoraji.

Yule mama alikaza kikwembe kifuani, akatoka inje, akaruka ule mufereji mupana wa barabara, akasimama ng'ambo. Siye wote tukakimbia kuangalia mutoto. Iko analala, mate inamutoka.

"Sasa weye chora!"

Muchoraji akacheka, akafuta ile picha ya mwisho. Shujaa akapanda tena mawinguni, mutoto mugongoni, amelala fofofo. Duka lote likapiga vigelegele.

Fotokopi yangu niliisahau. Lakini nyinyi wezi wa Bunia, mukisikia mutoto analia juu ya mabati, mukimbie.